Uchungu Si Hasira Tu: Kuisoma Tena Sauti ya Dhiki

Muhula uliopita niliweka katika mtihani wa ushairi swali ambalo sasa ninalijutia. Liliwataka wanafunzi wajadili kauli kwamba Sauti ya Dhiki, diwani ya Abdilatif Abdalla iliyochapishwa mwaka 1973, ni diwani ya hasira. Karibu wote waliafiki. Walitaja "Jipu", wakataja "Mamba", wakaeleza kuwa mshairi alifungwa, kwa hiyo alikasirika, kwa hiyo aliandika. Niliwapa alama zao, maana swali lilikuwa langu na jibu lilikuwa limekwisha kutiwa ndani ya swali. Hata hivyo karatasi moja ilinisimamisha. Mwenyewe alikuwa ameandika pembeni, kama mtu anayejisemea, kwamba mwenye hasira tu hawezi kumsikiliza mwenzake, na huyu mshairi anasikiliza. Hakuiendeleza hoja hiyo. Alirudi kwenye jipu kama wengine.

Makala haya ni jaribio la kuiendeleza hoja aliyoiacha njiani. Ninaamini alikuwa amegusa jambo ambalo sisi walimu tumelipita mbio kwa miaka mingi tunapofundisha fasihi iliyoandikwa wakati wa misukosuko ya kisiasa. Tumezoea kuigawa katika mafungu mawili: fasihi ya kulaani na fasihi ya kulia. Mwandishi akiwekwa fungu la kwanza, tunamtafutia hasira kila ukurasa. Akiwekwa fungu la pili, tunamtafutia machozi.

Tuanze na neno. Kiswahili kina hasira, ghadhabu na hamaki. Kina pia huruma, rehema na, kwa watu wa pwani, imani. Kwao mtu akimwonea mwenzake imani hakusudiwi mambo ya dini bali kuguswa na hali ya mwenzake. Lakini lipo neno moja ambalo halikubali kuingia kundi hili wala lile, nalo ni uchungu. Shubiri ina uchungu. Mwanamke huumwa uchungu wa kuzaa. Aliyedhulumiwa ana uchungu moyoni, na hapo tunamwogopa kidogo. Na mtumishi anayekataa kuiba mali ya umma tunasema ana uchungu na nchi yake. Na methali inatwambia kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Katika matumizi haya ya mwisho, ukijaribu kuyatenga mapenzi upande mmoja na ghadhabu upande mwingine, neno lenyewe linakuvunjikia mkononi. Mzazi ana uchungu kwa sababu anapenda, na kwa sababu hiyo hiyo usimguse mwanawe.

Wanafunzi wetu wenye Kiganda hulisikia neno hili vingine. Sikio lao hukimbilia obusungu, ambayo ni hasira basi. Huruma kwao ina nyumba yake nyingine, ekisa. Nimewahi kusahihisha insha ambamo "kuwa na uchungu na nchi" kulifafanuliwa kuwa ni kuichukia nchi. Nililicheka kosa hilo, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu ndilo kosa nililolifanya mimi katika swali langu, tena bila kisingizio cha lugha ya kwanza.

Sasa tumwangalie mwandishi. Abdilatif alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1966 Oginga Odinga alijitenga na KANU, kikaundwa chama cha KPU, na kijana huyu akawa upande huo. Mwaka 1968, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, fomu za wagombea wa KPU zilikataliwa. Abdilatif akaandika waraka wenye swali kwa kichwa, Kenya: Twendapi?, akashtakiwa kwa uchochezi. Mahakama ilimpa kifungo cha miezi 18. Serikali ikakata rufani na kifungo kikaongezwa kuwa miaka mitatu. Alikuwa na umri wa miaka 22. Sehemu kubwa ya muda huo aliikaa peke yake katika gereza la Kamiti, na mashairi aliyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Akiwa ndani, Tom Mboya aliuawa jijini Nairobi Julai 1969. Oktoba mwaka huo huo watu walipigwa risasi Kisumu na KPU ikapigwa marufuku. Alitoka Machi 1972. Mwaka 1974 diwani yake ikapata tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, yaani rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Nitairudia tuzo hiyo.

Habari ya karatasi za chooni hupendwa sana darasani, na wanafunzi huikumbuka kuliko beti zenyewe. Mimi ningependa tuitumie kuuliza swali la fani. Mtu asiye na karatasi ya kutosha, asiye na uhakika kama aliyoyaandika leo yatakuwapo kesho, anahitaji shairi linalobebeka kichwani. Arudhi ya Kiswahili inambebea: mizani kumi na sita kwa mshororo, nane ukwapi na nane utao, vina vya kati na vya mwisho, mishororo minne ubeti ukafunga. Hapa wapenzi wa mashairi huru wataniambia ninarudisha mjadala wa miaka ya sabini, wakati Kichomi ya Euphrase Kezilahabi (1974) ilipowagawa washairi. Sina nia hiyo. Ninachosema ni kwamba hasira haingoji kina. Hasira hutaka kutoka sasa hivi, kwa neno lolote lililo karibu. Aliyeketi katika chumba kidogo akihesabu mizani amekwisha kuilazimisha ghadhabu yake ingoje, na katika kungoja huko jambo hutokea: anaanza kumwona mtu mwingine. Si bure kwamba neno dhiki lenyewe limetoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kubanwa, ya nafasi finyu. Mshairi amebanwa mara mbili, na kuta na vina, lakini hii ya pili aliichagua.

Tulitazame "Jipu", shairi ambalo wanafunzi wangu walilitumia kuthibitisha hasira. Maelezo ya kawaida ni kwamba jipu ni utawala mbovu, na kwamba siku ya kutumbuliwa itafika. Sawa. Lakini jipu huota wapi? Huota mwilini mwa mtu. Halitoki nje kama mkuki. Limelishwa na damu ile ile inayoulisha mkono na jicho. Mwenye jipu hauombei mwili ufe. Anaukasirikia uvimbe kwa sababu anautaka mwili upone. Taswira hii haiwezi kuundwa na mtu anayeichukia nchi yake. Imeundwa na mtu mwenye uchungu nayo, kwa ile maana ambayo insha ya mwanafunzi wangu iliikosa.

"Mamba" ni jambo jingine, na sioni haya kusema kwamba ninalipenda kidogo kuliko linavyosifiwa. Mnyama huyu anajitapa, na mshairi anamkumbusha kwamba naye ana mwisho. Mafumbo yake ni makali na mdundo wake unavutia. Ila mara adui anapokuwa mnyama, kazi ya kumwelewa inakwisha: mamba haulizwi amekuwaje mamba. Katika mazingira ya gereza fumbo hilo lilikuwa la lazima, maana jina la mtawala lisingeweza kutajwa, lakini tunapolihakiki leo tuseme pia gharama yake. Vivyo hivyo kwa "Siwati" na "N'shishiyelo ni Lilo", mashairi ya kushikilia msimamo. Yakisomwa kwa sauti ukumbini watu husimama. Ukiyasoma peke yako usiku, unaona "mimi" wa mshairi amekijaza chumba chote mpaka hakuna mahali pa mgeni kuketi.

Mgeni anapata pa kuketi katika "Mnazi: Vuta N'kuvute". Ndugu wawili wanagombania mnazi. Mmoja yuko juu, mwingine yuko chini anadai haki yake. Wahakiki wameufasiri mnazi kuwa nchi, matunda yake kuwa uhuru, na walio juu na chini kuwa matabaka au vyama, na sina ugomvi na fasiri hizo. Kinachonishangaza ni ukarimu wa muundo wake. Aliye juu ya mnazi amepewa beti zake. Anajieleza, anajitetea, anajibu. Mshairi ni mfungwa. Aliye juu ya mnazi, tukifuata fasiri iliyozoeleka, ndiye aliyemfunga. Na bado anamwandikia maneno mazuri, yenye vina kamili na mizani isiyopungua, jinsi yeye mwenyewe angetaka kuandikiwa. Marehemu Ken Walibora alishughulikia suala hili la wingi wa sauti katika makala yake ya mwaka 2009, akaonyesha kuwa diwani hii haiimbwi na mdomo mmoja. Ningeongeza kwamba kumpa mpinzani sauti si kumsamehe. Kinyume chake: ghadhabu ya msomaji hupanda zaidi pale anapomsikia aliyeshiba akijitetea kwa ufasaha. Lakini ghadhabu hiyo ni ya mtu aliyesikiliza kesi, si ya mtu aliyefika na hukumu mfukoni.

Liko pia "Telezi", ambalo huwa tunaliruka. Mvua, tope, na mtu aliyedhani anaijua njia, kisha anaanguka. Hapa ukali umegeuzwa kuelekea miguu ya mshairi mwenyewe. Nalitaja tu, kwa sababu mwanamapinduzi anayeweza kujicheka alipoteleza ni nadra katika fasihi ya aina hii, ya kwetu na ya kwingineko.

Shairi lililotusumbua kweli kweli darasani ni "Usiniuwe!", ambamo kiumbe kilicho tumboni kinamsihi mama yake asikitoe. Nilikuwa nimelipanga kuwa mfano wangu mkuu wa huruma: mfungwa, aliyenyimwa sauti, anamkopesha sauti mwingine aliyefungwa mahali pembamba zaidi, asiye na hata jina. Nilikuwa nimefurahia hoja hiyo. Mwanafunzi mmoja, mama wa watoto wawili anayesoma huku akifundisha sekondari, aliinua mkono. "Mwalimu," alisema, "naomba kuuliza. Huyu msichana mwenye mimba anahurumiwa na nani?"

Nilimjibu kwamba msichana naye yumo katika shairi. Alikubali kuwa yumo. "Yumo, Mwalimu, lakini yumo kama anayeombwa. Anayeombwa tayari ana kosa." Darasa lilichangamka, wengine walisema tulisome kwa mafumbo, kwamba mama ni nchi na kiumbe ni kizazi kijacho, au ni uhuru unaotaka kuuawa kabla haujazaliwa. Yule mama alisikiliza yote, kisha akasema kuwa hata kwa fumbo hilo nchi imefanywa mwanamke mwenye lawama, na kwamba aliyempa msichana mimba hayumo chumbani.

Nimelisoma shairi hilo mara kadhaa tangu siku ile. Bado nalihesabu kuwa kati ya mashairi mazito ya diwani. Lakini namwunga mkono mwanafunzi wangu kwa kiasi kikubwa. Uzito wa maombi uko upande wa kiumbe. Ufasaha wote wenye kuliza umeelekezwa hapo. Huruma, kama taa ya kibatari, humulika upande mmoja na kuacha kivuli upande wa pili, na wajibu wa mhakiki ni kuuliza ni nani aliyeachwa kivulini. Linalonivutia ni kwamba swali lile lilitoka katika uchungu, kwa maana zote mbili. Mama yule alikuwa amekasirika, na alikasirika kwa ajili ya msichana wa kubuni asiyeweza kumjua. Kama diwani inaweza kumfundisha msomaji uchungu wa namna hiyo kiasi cha kuirudi diwani yenyewe, basi si haba.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi, hapa Kampala, zaidi ya kupita mtihani? Kila anayefundisha Kiswahili nchini Uganda anaijua sababu, ingawa hatupendi kuiandika. Kwa vizazi kadhaa Kiswahili kilisikika hapa kama lugha ya kambi: ya askari wa kikoloni wa KAR, kisha ya wanajeshi wa Idi Amin kuanzia 1971. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na tangazo hilo likazidi kukifunga kwenye kiatu cha askari. Wazazi wa wanafunzi wetu wanakumbuka maneno machache ya Kiswahili, na aghalabu ni amri. Lala chini. Toa. Nyamaza. Hata wakombozi walioingia Kampala kutoka Tanzania Aprili 1979 waliingia wakisema Kiswahili na wamebeba bunduki. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Sheria inaweza kukiingiza Kiswahili darasani. Haiwezi kukitoa katika sikio la bibi aliyejificha chini ya kitanda mwaka 1977.

Mwaka huo huo wa 1977 aliuawa Byron Kawadwa, mwandishi wa Oluyimba lwa Wankoko na mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Maigizo, baada ya kurudi kutoka tamasha la FESTAC lililofanyika Lagos. Robert Serumaga naye, katika miaka hiyo hiyo, aliunda Amayirikiti, mchezo uliotegemea mwili, mapigo na vilio kuliko maneno. Walikuwa na uchungu hao, na maneno yalikuwa yamekuwa hatari. Nikisimama mbele ya vijana wa nchi hii na kuwaambia kwamba katika lugha ile ile iliyotumika kuwalaza chini babu zao, kijana wa miaka 22 aliye gerezani, yeye mwenyewe akiamrishwa kila siku, alichagua kubembeleza, kujibizana, kumpa mpinzani zamu yake ya kusema, siwafundishi istilahi. Ninawaomba waisikie lugha upya. Nikiwaambia ni diwani ya hasira, nimewathibitishia tu yale wanayoyasikia nyumbani.

Najua pingamizi lililopo. Wenzangu wawili niliowaonyesha rasimu ya makala haya waliniambia kwamba mwalimu anayeanza kusifu huruma katika fasihi ya kisiasa yuko njiani kuifuga. Leo ataondoa hasira, kesho ataondoa siasa, na keshokutwa Sauti ya Dhiki itakuwa kitabu cha maadili mema. Na hapa ndipo tuzo ya mwaka 1974 inaporudi. Dola huwa haina shida kuutuza uzuri wa beti. Inaweza kumvisha mshairi taji kwa vina vyake na kuliacha swali lake bila jibu. Mshairi mwenyewe, baada ya kutoka gerezani, alikwenda kufanya kazi Dar es Salaam, kisha London, na baadaye Leipzig. Tuzo ilibaki na jina lake na yeye akabaki ughaibuni.

Pingamizi hilo nalikubali kwa nusu. Kweli ipo huruma isiyouliza ni nani aliyesababisha, na huruma hiyo ni sadaka ya dirishani tu. Lakini linganisha na Haini ya Adam Shafi, riwaya iliyotoka mwaka 2003. Shafi naye aliwekwa kizuizini, Zanzibar, baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, yaani majuma machache tu baada ya Abdilatif kufunguliwa upande wa pili wa bahari. Riwaya ilisubiri miaka thelathini. Inampeleka Hamza katika mateso kwa undani ambao shairi la arudhi lisingeubeba: mwili, harufu, saa za usiku. Ukiisoma, ghadhabu inakukaba koo. Na kinachoikaba ni kule kumjua Hamza, na familia yake inayomngoja nje. Ondoa watu hao, ubaki na orodha ya mateso, na msomaji atakufa ganzi kufikia ukurasa wa hamsini. Sioni jinsi ya kuitoa huruma hapo na ghadhabu ikabaki imesimama. Wenzangu wanaogopa huruma itaila hasira. Mimi naona mara nyingi hasira isiyolishwa na huruma hufa yenyewe kwa njaa, au hugeuka kuwa amri nyingine ya lala chini.

Mjadala huu tutauendeleza katika semina ya idara, na wenzangu hao wameahidi kunijibu kwa maandishi katika toleo lijalo. Kwa upande wa mtihani, nimelibadilisha swali. Sasa linawataka watahiniwa wachague mashairi mawili ya diwani, moja ambalo mshairi amemsikiliza mtu na moja ambalo hakumsikiliza, na waeleze tofauti hiyo imeathiri vipi ukali wa kila shairi. Wanaojiandaa wafahamu kuwa nakala za Sauti ya Dhiki katika maktaba yetu ni tatu tu, na moja imepoteza kurasa za "Telezi". Mwenye nakala nzima nyumbani, mwanafunzi au mwalimu, anaombwa aiazime idara kwa wiki mbili. Ofisi itampa hati ya mapokezi.